Mshahara, Bonasi na Kijana wa Kompyuta



Swali mliloniletea, walimu, wazazi, wakurugenzi wa Sacco na vyama vya ushirika, na ninyi vijana ambao ndio hasa niliowajia, ni fupi. Kijana amemaliza masomo katika chuo kikuu cha Kabianga au cha Bomet, au amejifundisha mwenyewe kwa laptopu ya kuazima na bando za usiku, na sasa anajua kutengeneza tovuti. Je, atafute kazi ya kuajiriwa, au ajitegemee na kujitafutia wateja?

Watu wengi hulijibu kwa kumtazama kijana mwenyewe. Huyu jasiri, ajitegemee. Yule mpole, aajiriwe. Sioni kwamba ujasiri ndio unaoamua. Jambo la kuuliza ni hili: mambo yakiharibika, hasara inamwangukia nani? Mteja akikataa kulipa, dola ikishuka, stima ikipotea siku tatu, mtoto akiugua, nani anaubeba mzigo? Na katika nchi hii ya chai swali hilo si geni hata kidogo, maana kwa miongo mingi chai imelimwa hapa kwa njia mbili zinazopakana ua kwa ua.

Njia ya kwanza ni ya kampuni. Brooke Bond na kampuni iliyokuja kuwa James Finlay zilipanda chai Kericho miaka ya 1920, juu ya ardhi ambayo Wakipsigis na Watalai hawajaacha kuidai. Mchumaji wa kampuni hulipwa kwa kilo, lakini juu ya kilo hizo kuna nyumba ya kampuni, zahanati, shule ya watoto, na mkataba wa pamoja unaojadiliwa na chama cha wafanyakazi wa mashamba. Njia ya pili ni ya mkulima mdogo. Ana ekari moja au mbili za majani yake, anayapeleka kituoni, yanapimwa, na mwisho wa mwezi analipwa malipo ya kwanza kwa kila kilo. Salio huja mara moja kwa mwaka, nayo ndiyo bonasi. Bonasi ikiwa nzuri, karo inalipwa na mabati yanapanda juu ya nyumba. Ikiwa mbaya, watu wa Konoin na Bureti huandamana mpaka mlangoni pa kiwanda, na wana haki ya kuuliza, kwa sababu miaka mingi mkulima wa magharibi ya Bonde la Ufa amelipwa pungufu ya mwenzake wa Murang'a au Kirinyaga.

Nani kati ya hawa wawili ana maisha ya uhakika? Zamani jibu lilikuwa rahisi: wa kampuni. Siku hizi sivyo. Mashamba yaliyokuwa ya Brooke Bond yakawa ya Unilever, yakapita kwa Lipton Teas and Infusions, na mwaka 2024 yakaenda kwa Browns ya Sri Lanka, ambayo ilikuwa tayari imeyachukua yale ya Finlay. Kisha kuna mashine. Mashine moja ya kuchumia chai hushikwa na watu wachache na kufanya kazi ya makumi ya wachumaji. Mwezi Mei 2023 hasira juu ya mashine hizo ililipuka hapa Kericho, mashine zikachomwa moto na mtu akapoteza maisha. Aliyeondolewa na mashine hapotezi mshahara peke yake. Nyumba ilikuja na kazi, na kazi ikienda nayo inakwenda.

Mkulima mdogo naye anapigwa na mvua ya mawe, na Kericho hatuhitaji kuelezwa mvua ya mawe ni nini. Bei yake inaamuliwa kwenye mnada wa Mombasa, ambako hajawahi kufika. Lakini michai ni yake na atawaachia watoto. Na kuna jambo moja juu yake ambalo naomba mlishike vizuri, kwa sababu mhadhara wangu wote unalizunguka: mkulima mdogo hayuko peke yake. Lori linakuja kituoni. Kuna kiwanda cha Litein, cha Momul, cha Kapkoros, cha Mogogosiek. Mbolea anaipata kwa mkopo unaokatwa polepole kwenye majani. Kuna watu ambao kazi yao ni kuipeleka chai yake mnadani. Tangu mwaka 1964, KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, ilipoundwa kama mamlaka ya serikali, na hata baada ya kubinafsishwa mwaka 2000, wakulima zaidi ya laki sita nchini wamekuwa na chombo hicho. Wanakilalamikia, wanakishtaki, wanapigia kura wakurugenzi wapya, lakini hakuna aliyewahi kumwambia mkulima aoteshe majani, ayakaushe, ayafungashe na ayauze London peke yake.

Sasa mtazameni kijana wa tovuti anayejitegemea. Yeye ndiye anayeotesha, anayechuma, lori ni yeye, kiwanda ni yeye, na mnadani anakwenda mwenyewe usiku wa manane akitafuta kazi kwenye Upwork, soko la kazi za mtandaoni. Tunampongeza kwa kujiajiri. Mimi namwonea huruma, na ningependa tumsaidie.

Tupige hesabu kwanza, kwa sababu vijana wengi hulinganisha vitu visivyolingana. Chukua ajira ya shilingi 40,000 kwa mwezi. NSSF inakata 2,400, Bima ya Afya ya Jamii 1,100, ushuru wa nyumba 600, na kodi ya mapato kama 3,150. Kijana anabaki na shilingi 32,750 hivi, na papo hapo anasema: nikitengeneza tovuti mbili za 20,000 kwa mwezi nimeipita ajira. Hajaipita. Mwajiri ameongeza juu yake NSSF nyingine ya 2,400 na ushuru wa nyumba mwingine wa 600, kwa hiyo kazi hiyo ina thamani ya 43,000. Mwajiri amempa laptopu, meza, intaneti na stima. Weka hapo shilingi 7,000 kwa mwezi, na hiyo ni kwa mtu mwangalifu. Imefika 50,000, yaani 600,000 kwa mwaka.

Halafu hesabu siku. Mwaka una siku za kazi 260. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mwajiriwa siku 21 za likizo yenye malipo, na sikukuu za taifa ni kama 12. Zinabaki 227. Lakini anayejitegemea halipwi kwa siku ya kwenda Sotik kumwona mteja aliyesahau miadi, wala kwa siku ya kuandika bei ya kazi ambayo haitakuja, wala kwa kufuatilia deni. Tuseme nusu ya siku zake zina malipo, na hapo nimemkadiria mtu mwenye bahati. Gawa 600,000 kwa siku 113. Inakuja zaidi kidogo ya shilingi 5,300 kwa siku. Tovuti ya shule inayomchukua siku kumi za kazi ya kweli haiwezi kuuzwa chini ya shilingi 53,000 ikiwa anataka maisha sawa na yule mwenye mshahara wa 40,000.

Nani Bureti atatoa 53,000? Wapo, ila wachache. Mazungumzo ya kawaida mnayajua. Mwalimu mkuu anampokea kijana vizuri, anaagiza chai, anauliza habari za baba na ng'ombe, kisha anasema: "Wewe ni kijana wetu. Mama yako tunasali naye. Tufanyie ya nyumbani." Ya nyumbani ni 15,000, nusu sasa, nusu bodi ikikaa. Bodi inakaa muhula unaofuata. Wakati huo kijana ameshalipia jina la tovuti na hosti kutoka mfukoni mwake, na karani wa shule anampigia Jumapili jioni akitaka matokeo ya mtihani yawekwe kabla ya kesho asubuhi. Hawezi kukataa, maana mama yake anasali nao. Wazazi wangu, najua hakuna ubaya moyoni mwa mwalimu huyo. Lakini shule haiombi ya nyumbani kwa Kenya Power, wala kwa mwenye lori la makaratasi.

Kwa anayechagua kujitegemea, kuna mambo machache ambayo chuoni hayafundishwi.

La kwanza ni haki ya kazi yenyewe. Vijana hudhani kwamba msimbo walioandika ni wao mpaka walipwe. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inasema vingine: kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa haki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmepatana tofauti. Kwa hiyo pataneni tofauti, kwa maandishi, kabla ya mstari wa kwanza. Sentensi moja inatosha: haki za kazi hii zitahamia kwa mteja atakapomaliza kulipa. Pokea arbuni isiyopungua nusu. Kiandikwe pia kiasi cha marekebisho kilichomo kwenye bei, na bei ya kila saa baada ya hapo.

La pili ni kodi. Mteja aliyesajiliwa, iwe shule ya kibinafsi, Sacco au kiwanda, ataomba ankara ya eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA, kwa sababu tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo haikubaliki kwenye hesabu zake za kodi. Kijana asiyekuwa na eTIMS hupoteza wateja wakubwa bila kuambiwa sababu. Malipo ya kitaalamu yakifika 24,000 kwa mwezi, mteja wa namna hiyo hukata asilimia 5 na kuipeleka KRA. Fedha hiyo haijapotea. Dai cheti chake, na uihesabu unapowasilisha ritani kabla ya Juni 30. Bima ya afya nayo, kwa asiye na mwajiri, hulipwa kwa mwaka mzima kwa mkupuo. Ukiyajua haya mapema, unatenga fedha. Usipoyajua, unayajua siku uko hospitali ya Kapkatet na mtoto mgongoni.

La tatu ni deni. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kusikiliza kesi Milimani mwaka 2021, hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja, inatakiwa imalize kesi ndani ya siku 60, na si lazima uwe na wakili. Haitakusaidia ukienda na mazungumzo ya simu tu. Itakusaidia ukienda na mkataba, ankara na ujumbe wa mteja akikiri kupokea kazi.

Wengine watasema tuwaache wateja wa hapa, tufanye kazi za ng'ambo tulipwe kwa dola. Ni njia nzuri, na serikali imeihimiza tangu ilipoanzisha mpango wa Ajira Digital mwaka 2016. Lakini dola ina tabia zake. Januari 2024 dola moja ilikuwa kama shilingi 160. Katikati ya mwaka huohuo ilishuka mpaka karibu 129. Kazi ya dola 500 iliyokuwa inaleta shilingi 80,000 ikaleta 64,500, jasho ni lilelile, mteja ni yuleyule. Mkulima wa chai ameipata hasara hiyohiyo, maana chai yake huuzwa kwa dola Mombasa, na sehemu ya kilio cha bonasi ndogo imetoka hapo. Fikirieni nyumba ambayo baba anategemea bonasi na mwana anategemea Upwork. Shilingi ikipata nguvu, wote wawili wanaumia kwa wakati mmoja. Nyumba ya namna hiyo inahitaji angalau mtu mmoja mwenye mshahara wa shilingi.

Sasa nigeukie ajira, maana nisije nikaonekana naitukuza. Mwaka 2014 ilianzishwa kampuni ya Andela, ikafungua Nairobi mwaka uliofuata, na kwa vijana wetu ikawa mlango wa mbinguni. Septemba 2019 ikaachisha kazi mamia ya waandishi wa programu wachanga katika Nigeria, Kenya na Uganda, ikisema soko linataka wazoefu. Kwa hiyo mshahara nao hukatika. Tofauti ni namna unavyokatika. Mwajiriwa anayeondolewa kwa sababu kazi imepungua anastahili notisi ya mwezi na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Anayejitegemea anastahili kimya: ujumbe wake unaonyesha umesomwa, haujibiwi.

Iko ajira moja ambayo naiona mbaya kuliko njia zote mbili, na inazidi kuenea. Kijana anapewa karatasi inayomwita mkandarasi huru. Lakini anatakiwa kazini saa mbili kamili asubuhi, anakaa kwenye kiti cha ofisi, anaomba ruhusa kwenda kuzika, haruhusiwi mteja mwingine, na mkataba unahuishwa miezi mitatu mitatu miaka nenda miaka rudi. NSSF hakuna. Likizo hakuna. Akiugua halipwi. Hana uhuru wa mkulima wala nyumba ya kampuni. Vijana, jueni kwamba mahakama huangalia jinsi kazi inavyofanyika na si karatasi inavyoitwa. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mzima huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi. Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi iko hapa Kericho, huna haja ya kupanda gari la Nairobi. Na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba kampuni ya Meta inaweza kushtakiwa Kenya na vijana waliokuwa wakichuja picha na maneno ya Facebook kupitia kampuni nyingine. Hata tajiri wa Marekani hawezi kujificha moja kwa moja nyuma ya wakala.

Ushauri wangu basi ni upi? Kijana wa miaka ishirini na mbili, ambaye hajawahi kufanya kazi na mtu aliyemzidi ujuzi: tafuta ajira kwanza, miaka miwili au mitatu. Sisemi hivyo kwa ajili ya mshahara. Ajira nzuri ina mtu wa kusoma msimbo wako na kukwambia hapa umekosea. Tangu programu za akili bandia zinazoandika msimbo ziingie mikononi mwa kila mtu, kuanzia ChatGPT mwishoni mwa 2022, kazi ya tovuti ya kurasa tano ndiyo inayoliwa kwanza, na hiyo ndiyo kazi ya anayeanza. Mashine ya chai huchuma kila kilichokimbilia juu. Mkono uliofundishwa huchagua majani mawili na chipukizi. Kuchagua hujifunzi peke yako chumbani. Unajifunza ukiwa ubavuni mwa mtu anayejua kwa nini mfumo wa malipo ulianguka jana na nani aliyesababisha.

Unapohojiwa, basi, usiulize mshahara tu. Uliza nani atasoma kazi yangu. Ikiwa jibu ni "utakuwa mtu wetu wa kompyuta", yaani peke yako, ukitengeneza tovuti asubuhi na kufungua printa iliyokwama mchana, jua kwamba utakaa hapo miaka mitatu na kutoka na uzoefu wa mwaka mmoja. Ajira nzuri si lazima iwe Nairobi. Nimeona kazi ya maana ikifanywa na watu wanaokaa Kericho mjini, kwenye Sacco na hospitali ambazo mifumo yake haiwezi kulala hata saa moja.

Lakini nafasi hizo ni chache, na wahitimu ni wengi. Aliyekosa atafanyaje? Hapa narudi kwa mkulima na lori lake. Sheria ya Vyama vya Ushirika inataka watu kumi tu ili kusajili chama cha msingi. Vijana kumi wa Kericho, Litein, Kapkatet, Sotik na Bomet mjini, wenye ujuzi tofauti: kwa mfano, mmoja anachora, wawili wanaandika msimbo wa ndani, mmoja anajua kuandika Kiswahili na Kiingereza safi, mmoja anaongea na wateja bila kuogopa, mmoja anashika hesabu na eTIMS. Chama ndicho kinachoweka bei, kwa hiyo mwalimu mkuu hana mtoto wa nyumbani wa kumshusha. Chama ndicho kinachodai deni. Msichana akienda kujifungua, mwenzake anashika wateja wake, naye anarudi akiwakuta. Wakati shilingi ina nguvu, chama kinaegemea wateja wa hapa. Ikidhoofika, kinaongeza wa dola. Kila mwezi wanalipana kiasi kidogo cha uhakika, na mwisho wa mwaka wanagawana kilichobaki. Mpango huo mnaufahamu kuliko mimi. Mmelelewa nao.

Na sasa neno kwa wakurugenzi wa Sacco mlioko mbele. Imarisha ilianza kama Sacco ya walimu, watu wenye hati ya mshahara, na mpaka leo hati hiyo ndiyo ufunguo wa mkopo katika sehemu kubwa ya Sacco zetu. Mkulima ameshapata mlango wake, kwa sababu malipo ya majani yanaweza kukatwa kiwandani. Kijana anayejitegemea, hata akiingiza shilingi 80,000 kwa mwezi, bado anarudishwa kwenye kaunta kwa kukosa karatasi moja. Ana ankara za eTIMS za miezi kumi na miwili, ana taarifa ya M-Pesa, ana vyeti vya kodi iliyokatwa. Nawaomba katika mkutano wenu mkuu ujao mweke kanuni inayotambua karatasi hizo, hata mkianza na mkopo mdogo wa laptopu na betri ya kuhimili stima inapokatika, urudishwe kwa miezi kumi na minane. Walimu wakuu nao, bajeti ya mwaka ujao bado inaandikwa: wekeni ndani yake mstari wa tovuti, wenye bei kamili, na mlipe kabla muhula haujafungwa.